Sifa ya Kutokuwa na Mtu

Pale Bariadi, nyuma ya stendi ya mabasi, palikuwa na ghala la ushirika ambalo, tangu serikali iruhusu kila mwenye lori na mizani anunue pamba, halikuwa likihifadhi kitu zaidi ya popo. Mbele ya ghala lilibaki gogo refu, lililolainishwa na makalio ya wakulima waliokuwa wakingoja zamu ya kupimiwa miaka ya nyuma. Mizani iling'olewa, karani akapunguzwa kazini, gogo likakosa mtu wa kulihamisha; na kwa kuwa wanaume wasio na shughuli mjini walikuwa wameongezeka, waliona si vizuri gogo likae bure. Kijiwe wakakiita Mizani. Kila alasiri Salu alifika na birika lake la kahawa, na kuanzia kikombe cha kwanza mpaka mashapo ya mwisho nchi iliendeshwa kutoka pale, mambo madogo madogo yakiachiwa wakubwa wa Dodoma.

Alasiri hiyo hoja ilikuwa moja tu: je, Mzee Mahona anastahili kupelekwa kambi ya wazee, au hastahili? Mwenyewe alikuwepo. Alikaa mwisho wa gogo, upande wa ukutani, fimbo katikati ya magoti, akisikiliza anavyojadiliwa kama bei ya mbolea. Macho yalikuwa yameshamwacha, yamefunikwa na ukungu wa mtoto wa jicho, lakini masikio yalikuwa mazima kabisa, na wakati mwingine alitamani masikio ndiyo yangetangulia.

Mahona alikuja mjini kutoka Kasoli akiwa kijana, akaajiriwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akafunga marobota mpaka kiwanda chenyewe kilipofungwa. Mkewe, Esteria, alikuwa amekufa. Nduguze walihama na ng'ombe wao kuelekea Rukwa malisho yalipokwisha, wakamwambia awafuate, na yeye akasema atawafuata mwanawe akirudi. Mwana huyo, Masunga, wa pekee, alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya dhahabu kule Geita. Mwanzoni salamu zake zilikuja kwa mdomo wa kila aliyerudi. Baadaye waliorudi wakawa hawamjui. Sasa mzee aliishi chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, anajipikia kwa kupapasa, ugali unaiva upande mmoja, upande wa pili anaula hivyo hivyo.

Aliyemtia hamu ya kambi alikuwa Machibya, ambaye pale kijiweni walimwita Redio kwa sababu ukishamwasha humzimi. Redio alikuwa utingo wa malori, na safari moja lori lake lilipeleka mahindi kwenye kambi hiyo. Ilikuwa mbali, mtu wa Bariadi ilimbidi afike Malampaka kwanza, ndipo apande treni. Aliporudi aliwasimulia wenzake. Chumba vitanda viwili. Uji asubuhi. Mtu wa kukuongoza msalani. Jioni wazee wanaota moto uani, wanabishana mpaka mlinzi anawaomba wakalale, na usiku mmoja akikohoa mwenzake wa kitanda cha pili anamwambia pole.

Wengine walicheka yale ya mlinzi. Mahona hakucheka. Lile neno pole lilimwingia. Aliwaza shikome ya kwao Kasoli, ule moto wa jioni ambao wanaume wa boma huuzunguka, wanakula pamoja na kugombana pamoja, na mtoto akisinzia anaegemea paja lolote lililo karibu. Usiku ule akiwa chumbani alikohoa, akajikuta anangoja. Tangu hapo hakutaka kitu kingine duniani ila kulala mahali ambapo akikohoa mtu atamsikia.

Ugumu ulikuwa kwenye masharti. Aliyeyafuatilia wilayani alikuwa Januarius, aliyekuwa karani wa lile ghala, na kwa sababu aliwahi kukalia kiti chenye mgongo walimwita Katibu.

— Nimeambiwa na mhusika mwenyewe, kwa kinywa chake, alisema Katibu akiweka kikombe chini. Zamani mzee akichoka alipelekwa, basi. Siku hizi fungu limepungua, kwa hiyo wanachagua. Nafasi ipo moja. Mzee lazima awe hajiwezi, na awe hana mtu.

— Hana mtu kivipi? aliuliza Salu.

— Hana mtu. Mke, mtoto, ndugu. Ukiwa naye hata mmoja wa kukutunza, huna sifa.

— Yaani sifa ni kutokuwa na mtu?

— Ndiyo sifa yenyewe.

Hapo akaingia Jilala. Huyu alikuwa wakala wa makampuni yaliyokuja kununua pamba. Alivaa miwani ya jua hata kukiwa na mawingu, na jina lake la kijiweni lilikuwa Soko Huria. Kila jambo kwake lilikuwa soko huria: bei kupanda, ndoa kuvunjika, mvua kuchelewa.

— Hii nayo ni soko huria, wazee wangu. Imefika mpaka kwa binadamu. Pamba si tunachambua, safi huku, fifi, ile chafu, kule? Na wazee ni hivyo hivyo. Mwenye watoto ni safi, anabaki nyumbani. Asiye nao ni fifi, anabebwa na serikali.

— Mbona wewe unabeba safi, fifi unamwachia mkulima? aliuliza Salu.

— Ndiyo maana mimi napata faida, serikali inapata hasara.

Redio alisema wanaongea juu juu, hawajui kiini. Kiini ni nani anayelipia uji. Uji unalipiwa na Wazungu, alisikia mwenyewe kwenye idhaa ya nje. Na Mzungu hatoi kitu bure. Huko kwao wazee wamekuwa hawafi. Wanafika miaka mia wamekaa tu, serikali zao zimechoka. Kwa hiyo wanawalisha wazee wa Kiafrika kambini ili wawachunguze taratibu wajue wenzao wanakufaje vizuri namna hii.

— Kwa hiyo wanataka kujifunza kufa? aliuliza Katibu.

— Haba na haba hujaza kibaba, alijibu Redio, na kwa kuwa hakuna aliyejua methali hiyo imeingiaje, hakuna aliyeweza kuipinga.

Katibu alikuwa na yake. Kwa maoni yake suala lilikuwa la kura. Vyama vimekuwa vingi, kura zimekuwa adimu, na mzee mwenye watoto hushauriwa na watoto. Mzee asiye na mtu hana wa kumshauri. Ukiwakusanya mia kwenye ua mmoja, ukawapa uji kabla ya kupiga kura na ukawaahidi mwingine baada ya kupiga, hapo huna haja ya mkutano wa hadhara. Soko Huria akasema hilo ni dogo. Yeye alikuwa na habari za uhakika kwamba kambi zote zitabinafsishwa kama viwanda vilivyobinafsishwa. Atakuja mwekezaji, atanunua majengo, vitanda, sufuria na wazee waliomo ndani, na akiona hawalipi atawapunguza kazini.

— Atawapunguza wapi? aliuliza Salu. Wazee hawana kazi.

— Hapo ndipo penye utata.

Mzee Mahona aliinua fimbo kidogo, ishara yake ya kuomba nafasi.

— Huyo mwekezaji, uji ataendelea nao?

Soko Huria alifikiri, akasema uji huenda ukaendelea, ila bila sukari.

— Basi mimi nitaenda, alisema Mahona.

Wakacheka, naye akacheka kidogo, lakini hakuwa ametania. Wangemwambia kwamba kambini wanalala juu ya miiba angeuliza tu kama wanalala wawili wawili. Jambo lililomkaba halikuwa mwekezaji wala Wazungu. Lilikuwa lile sharti, na lile sharti lilikuwa na jina, na jina lake lilikuwa Masunga.

Bibi Ustawi, yaani ofisa wa ustawi wa jamii, alikuwa amesema angepita alasiri hiyo kumhoji mzee mbele ya majirani zake. Majirani waliojulikana walikuwa ni hao wa gogo. Kwa hiyo walikuwa wamemfanyisha mazoezi wiki nzima, na alasiri hiyo walitaka kumrudisha kwenye zoezi mara moja ya mwisho. Soko Huria ndiye aliyeigiza ofisa. Alivua miwani, akakunja miguu kama mama aliyesoma.

— Mzee, una mke?

— Alitangulia.

— Una ndugu?

— Walihama na ng'ombe.

— Una mtoto?

— Ninaye mmoja, alisema Mahona.

Gogo zima likaguna. Katibu akamsogelea, akamwekea mkono begani, akamweleza kwa upole kama alivyomweleza jana na juzi. Kwamba huo si uongo. Kwamba ni lugha ya ofisi. Ofisini mtoto ni yule anayeleta chakula. Yule asiyeleta chakula ofisini hajazaliwa. Kwamba Masunga mwenyewe angekuwepo angemwambia baba yake aseme sina. Redio akaongeza kwamba wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe, kwa hiyo mzee akiona vigumu kusema hana mtoto, aseme ana jiwe.

— Tena, alisema Soko Huria. Una mtoto?

— Ninaye, ila hayupo.

— Baba, hapana. Neno moja. Sina.

Mahona alizungusha fimbo mikononi. Hawakuwa watu wabaya hawa, alilijua hilo. Walikuwa wakimtakia kitanda. Lakini walikuwa vijana kwake, hata Redio mwenye mvi, na hawakuyaona alivyoyaona yeye. Kwao Kasoli neno la baba juu ya mtoto halikuwa upepo. Baba akisema mwanangu atakua, hukua; akisema mwanangu amepotea, hupotea zaidi. Alimwaza Masunga ndani ya shimo kule Geita, kamba kiunoni, na lile neno linakuja kutoka Bariadi kwa miguu, linaulizia njia, linachungulia shimo moja baada ya jingine.

— Nikisema sina, aliuliza, hilo neno litakwenda wapi?

Katibu alikohoa, Soko Huria akavaa miwani yake. Ni Salu aliyesema kwamba labda lingekwenda ofisini tu likaishia kwenye faili, kwa sababu mambo yote yanayoingia wilayani huishia huko. Mahona alishukuru kwa fikra hiyo. Ilikuwa fikra nzuri, na akaamua kuikamata, kwa sababu usiku uliopita alikohoa tena na hakuna kilichomjibu ila panya.

Bibi Ustawi alifika kwa miguu, mkoba begani, viatu vimejaa vumbi. Jina lake Felisita. Alikuwa amehamishiwa Bariadi majuzi tu, na mambo ya watu wa huku alikuwa bado anayajifunza. Alisema shikamoo kwa wote kwa mpigo, akamrudia mzee peke yake na kumpa yake.

— Marahaba, mayu, alisema Mahona, akimwita mama kwa Kisukuma.

Felisita alikataa kukalia kiti walichomletea mbio kutoka dukani, akaketi kwenye gogo kando ya mzee, akapokea kikombe cha kahawa, na hapo hapo gogo zima likampenda. Hakuanza na karatasi. Alimwomba mzee mkono wake, akaugeuza, akaziona ncha za vidole zilizoungua na kupona na kuungua tena.

— Unajipikia mwenyewe, baba?

— Najipikia.

— Usiku ukiumwa?

— Naumwa mpaka asubuhi.

Felisita hakuuachia mkono mara moja. Kisha akatoa karatasi zake, akasema kwa sauti ya mtu asiyependa anachokifanya kwamba kuna maswali ya lazima, amwie radhi. Mke? Alitangulia. Ndugu? Walihama na ng'ombe. Ilikuwa ikienda vizuri kabisa. Soko Huria alikuwa akitikisa kichwa kwa kila jibu, kama mwalimu anayesikia wimbo wake ukiimbwa.

— Mtoto je?

Mahona alifungua mdomo. Neno aliloambiwa lilikuwa fupi, lakini yule aliyekuwa upande wa pili wa neno hilo alimjia mzima mzima: Masunga mdogo anakimbia na chungu cha maziwa kichwani bila kukishika, Masunga mkubwa anafunga kamba za mzigo wake asubuhi ile ya kuondoka, anasema baba usinisindikize, jua kali. Alimtamani mwanawe wakati ule kuliko siku zote alizomngoja. Akasema:

— Sina.

Alilisema vizuri, bila kutetemeka. Alisikia kalamu ikiliandika. Kitu fulani kilishuka ndani yake, kikatua. Ndivyo alivyokinunua kitanda. Sasa kilikuwa chake, na akaanza polepole kujifariji kwa yule mzee asiyemjua wa kitanda cha pili.

— Asante, baba, alisema Felisita. Limebaki jambo dogo, uthibitisho wa majirani.

Akawageukia wale wengine. Barabarani kina mama wawili waliokuwa wakitoka sokoni walikuwa wamesimama kuangalia kuna nini, na kijana wa baiskeli alikuwa ameshusha mguu mmoja chini.

— Ninyi ndio majirani zake. Mnathibitisha mbele yake kwamba mzee huyu hana mtu?

Ikumbukwe kwamba wiki nzima walikuwa wakimfundisha mzee. Kujifundisha wenyewe hawakuwahi. Na hilo neno, hana mtu, walikuwa wamelisema mara ngapi pale kijiweni wakiwa wanapanga, nalo halikuwa na uzito wowote. Lakini kulisema hadharani, mzee mwenyewe amekaa, watu wa njiani wanasikia, lilikuwa jambo lingine. Usukumani humwambii mtu mzima mbele za watu kwamba hana mtu. Ni kumzika kabla ya siku yake. Tena watu wakisikia mzee fulani hana mtu huanza kuulizana hao watu wake aliwapeleka wapi, kwa uchawi gani, na maswali ya namna hiyo yameshachoma nyumba za watu. Jirani wa kweli akisikia neno hilo linamkaribia mzee wake, hulizuia kwa mwili.

Redio alikuwa wa kwanza, kwa kuwa alikuwa mkubwa kwa umri baada ya mzee.

— Kwamba hana mtu? Mama, huyu ni baba yetu. Sisi tupo.

— Mpo vipi? aliuliza Felisita.

— Tupo. Mimi nikitoka safari namletea samaki. Nikitoka Mwandoya namletea maziwa. Mimi ni mwanawe.

Katibu alimkanyaga mguu, lakini alikuwa amechelewa, na kitu cha ajabu ni kwamba Katibu naye aliposikia kina mama wa sokoni wakiguna kwa kuridhika, alishindwa kukubali kwamba mtoto wa mzee ni Redio peke yake.

— Barua zake zote namwandikia mimi, alisema. Baba huyu hajawahi kukosa mtu wa kumwandikia.

— Na sukari? alidakia Soko Huria. Sukari ya nyumbani kwake inatoka kwa nani? Mama, uliza mtaa mzima. Mimi huyu mzee namwita baba kuliko ninavyomwita baba yangu.

— Kahawa yake hailipiwi, alisema Salu kwa sauti ya chini. Tangu Esteria afariki.

Mambo yakawa hivyo. Kila mmoja alimpita mwenzake. Waliyoyasema mengi yalikuwa ya kweli, samaki alikuwa ameletwa kweli mara moja au mbili, na yasiyo ya kweli yalisemwa kwa moyo mweupe kabisa. Mahona aliwasikiliza. Alijua linalotendeka, alijua kile kitanda kinamponyoka, lakini hakuweza kujizuia: kwa dakika chache alijisikia mtu mwenye boma. Vijana wanne walikuwa wakigombana mbele za watu kuhusu nani mwanawe zaidi. Ni miaka mingapi alikuwa hajagombaniwa? Akajikuta amekaa wima.

Felisita aliacha kuandika. Aliwaacha wamalize wote, akanywa kahawa iliyobaki kwenye kikombe chake, ndipo akasema.

— Nimefurahi kusikia. Kambi ina nafasi moja, nayo ni ya mzee asiye na mtu wa kumtunza. Huyu ana watoto wanne. Hana sifa.

Kijiwe kikapoa. Katibu alijaribu kueleza kwamba hiyo ilikuwa lugha ya heshima tu, kwamba mama kwa kuwa ni mgeni huenda hajaizoea, na kwamba kuna tofauti kati ya mwana na mwana. Felisita alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira.

— Sina haraka, alisema. Kama si kweli, niambieni sasa, mbele yake. Mmoja wenu aniambie: huyu hana mtu. Nitaandika, na Jumatatu gari litamchukua kwenda Malampaka.

Akamtazama Redio. Akamtazama Katibu. Soko Huria alikuwa amevaa miwani, akatazamwa hivyo hivyo. Salu aliinama, akajifanya anapuliza makaa. Neno lile lilikuwa fupi, na mzee alikuwa ameshalisema lake, gumu kuliko lao. Lakini wao hawakuweza. Haikuwa kwamba hawakutaka. Midomo yao ilikataa.

— Vizuri, alisema Felisita. Mimi ni mgeni hapa, sijui nyumba zenu. Niambieni tu nijue. Jioni hii baba anakwenda kwa nani?

Kina mama wa sokoni walianza kuondoka. Yule wa baiskeli naye akapanda, akaenda zake.

Mahona alitega sikio. Alizijua nyumba zote nne bila kuwa na macho. Katibu tangu apunguzwe alikuwa anaishi na wajukuu saba katika vyumba viwili, na mwingine njiani. Redio hakuwa na nyumba, alikuwa na lori la mtu. Soko Huria alipanga kwa mama mkwe wake, akiingia usiku huvua viatu nje. Salu alilala juu ya magunia dukani kwa mwajiri wake. Hakuwa na kinyongo na mmoja wao. Hata hivyo alingoja, maana mtu hamzuii moyo wake kungoja. Alisikiliza kama kuna atakayevuta pumzi ile ya mtu anayetaka kusema. Alisikia vikombe vikiwekwa chini kimoja kimoja. Alisikia Salu akiliinua birika, akilitikisa, halina kitu.

— Mayu, alisema mzee mwishoni, ili awaokoe. Karatasi yako bado iko wazi?

— Bado, baba.

— Pale niliposema sina mtoto. Pafute.

— Nifute?

— Kambi nimeshaikosa. Sasa sina sababu ya kumkosa na yeye.

Felisita hakuuliza zaidi. Alifunua karatasi ya kwanza, akakata neno, akangoja na kalamu.

— Anaitwa nani?

— Masunga. Masunga Mahona. Yuko Geita machimboni, au huenda amesogea mbele kidogo.

Alikuwa hajalitaja jina hilo wiki nzima, walikuwa wamemkataza lisije likamponyoka. Alisikia kalamu ikikwaruza, na kila mkwaruzo aliufuata kwa kichwa. Ilipotulia alimwomba mama wa watu amsomee, ajue kama limeandikwa sawasawa. Felisita akalisoma kwa sauti ya kiofisi, jina la mwana kisha la baba.

— Yupo, aliitika mzee.